Funguo tatu kwenye msumari mmoja: uchambuzi wa kisa cha kikoba cha kanisa

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, cha waumini wa usharika mmoja ulio kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, mkoani Mwanza. Jina la kanisa na majina ya wahusika nimeyaacha, kwa kuwa wote tunaishi eneo moja na tunakutana sokoni na ibadani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nilikuwa mmoja wa watunza funguo watatu wa sanduku la kikoba hicho, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyesimama pembeni. Mweka hazina aliyehusika ameisomewa habari hii yote kabla sijaitoa, akanisahihisha mahali pawili, akaniambia niiandike.

Kikoba chetu kilikuwa na wanachama 24, wanawake 17 na wanaume 7. Wengi wao wanaishi kwa dagaa: wananunua mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi, wanaanika juu ya chanja au juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, wanafunga magunia na kuyapeleka Kirumba, kwenye soko la Mwaloni, ambako wanunuzi hutoka hadi Kongo na Burundi. Wengine ni wavuvi, mafundi cherehani na mamalishe. Hisa moja ilikuwa shilingi 5,000, na mwanachama aliruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kila Jumamosi. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunavunja kikoba na kugawana kabla ya ada za shule za Januari.

Namna sanduku lilivyopaswa kutunzwa inahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana kisa chote kiko humo. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia Niger mwaka 1991, katika mradi wa shirika la CARE, na baadaye ukafika kwetu. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, wanaoishi nyumba tofauti. Mweka hazina hulala na sanduku lakini hana ufunguo hata mmoja. Kwenye kikao kufuli hufunguliwa mbele ya wote, wahesabu wawili huhesabu fedha kwa sauti, na kiasi kinachobaki hutamkwa ili kila mwanachama akikariri mpaka kikao kijacho, hata yule asiyejua kusoma. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya namna hii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Chetu kilisajiliwa kupitia halmashauri, na katiba tuliyoipeleka huko ilizitaja kufuli tatu kwa maneno yaliyo wazi. Hatukukosa utaratibu. Tuliulegeza wenyewe, na katika yote yaliyotokea hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu tuliulegeza kwa sababu njema.

Wa kwanza kuacha ufunguo alikuwa kijana wetu mvuvi. Wakati wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa hulala ziwani na taa zao, na mara nyingi Jumamosi humkuta mtu bado yuko majini au amelala usingizi wa uchovu. Ili kikao kisikwame, aliuacha ufunguo wake kwa mweka hazina. Wa pili alikuwa mama aliyekwenda Ukerewe kumzika kaka yake. Aliuacha akaenda, akarudi baada ya wiki tatu, na hakuna aliyekumbuka kumrudishia, wala yeye hakuudai. Wa tatu ni mimi. Goti lilinivimba mwezi wa tano, nikamtuma mjukuu apeleke ufunguo kwa Jumamosi moja tu. Goti lilipopona niliona ni usumbufu kutembea na ufunguo ambao kila wiki huishia nyumba ileile. Siku moja nilikwenda kumsalimia mweka hazina, nikaketi jikoni kwake, akanipa chai, na nyuma ya mlango niliziona funguo zote tatu zimetundikwa kwenye msumari mmoja. Niliziona, nikamaliza chai, nikaaga.

Kuhesabu nako kulikoma mwezi wa sita. Kikao chetu kilifuata mazoezi ya kwaya, jua lilikuwa linazama, na akina mama wenye watoto wadogo walitaka kuwahi. Mtu mmoja akasema, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba haina haja ya kuhesabu noti moja moja kana kwamba tunamshuku mama yetu. Asome tu kiasi kilichomo daftarini. Mweka hazina akasoma, sisi tukapiga makofi. Namtetea mahali pamoja: hakuwa yeye aliyependekeza. Aliniambia baadaye kwamba siku ile alitaka kusema tuhesabu, akaona haya, kwa kuwa ingeonekana anakataa heshima aliyopewa.

Mweka hazina huyu ni mjane, anaimba kwaya, na kwa miaka sita ya kazi yake hakupungukiwa hata shilingi mia. Naandika hivyo kwa sababu wasikiao visa vya namna hii huwa wanatafuta mapema dalili za mwizi, na hapa hazikuwepo. Mwezi wa nane dagaa walipatikana kwa wingi na bei ya ndoo mwaloni ikashuka. Alikuwa na mkopo ambao hajaumaliza, kwa hiyo kwa katiba yetu hakuweza kukopa tena. Akafungua sanduku usiku akiwa peke yake, akachukua shilingi 400,000, akanunua dagaa, jua likawaka, akauza Kirumba, na baada ya siku tisa akarudisha shilingi 400,000 kamili. Hakuna aliyejua. Alisema usiku aliporudisha alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa faida aliyoipata. Hapo ndipo aliponisahihisha mara ya kwanza: nilikuwa nimeandika kwamba dhamiri yake ilikuwa imekufa, naye akasema hapana, ilikuwa hai, ila ilikuwa inamwambia kwamba ameazima. Mtu akiwa na mwenzake wa kumuuliza, neno «kuazima» haliwezi kusimama hata dakika moja, kwa kuwa mwenzake atauliza umemwazima nani. Akiwa peke yake linasimama imara.

Mwezi wa kumi, wanachama wakiwa wanarejesha mikopo kujiandaa na mgao, sanduku lilijaa. Alichukua shilingi 750,000, na siku tatu baadaye shilingi 1,100,000, jumla shilingi 1,850,000, akanunua mzigo mkubwa kuliko aliowahi kuumudu. Mvua za vuli zikanyesha siku nne mfululizo. Kila aliyewahi kuanika dagaa anajua kinachofuata: wanalegea, wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, na mteja pekee anayebaki ni wa chakula cha kuku, naye hutaja bei anayotaka. Kilichopatikana hakikutosha hata kulipa vibarua waliobeba.

Tuligundua mwezi wa kumi na moja, si kwa ukaguzi bali kwa shida ya mtu. Mwanachama mmoja alilazwa na mtoto aliyehitaji kuongezewa damu, akaomba fedha kwenye mfuko wa jamii, ambao tunauchangia kwa ajili hiyohiyo. Mweka hazina akamwambia asubiri kesho. Kesho akasema wahesabu hawapo. Siku ya tatu mama yule alinipigia simu kutoka wodini, na sauti yake ilinifanya nivae viatu nikaenda. Nilimkuta mweka hazina kwenye chanja zake tupu. Nilisema, «Bwana asifiwe, mayu,» yaani mama kwa Kisukuma, hakuitikia Amina. Akasema, «Mwalimu, sanduku halina kitu.»

Shilingi 60,000 za hospitali nilizitoa mfukoni kwangu, na mtoto akapona. Lakini baada ya hapo nilifanya kosa ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko lile la ufunguo. Nilikaa na habari ile siku tisa bila kumwambia mwenyekiti. Nilijiambia kwamba natii Mathayo 18:15, pale Bwana anapoagiza umwendee ndugu aliyekosa, wewe na yeye peke yenu. Nikakumbuka pia neno la Petro kwamba upendano husitiri wingi wa dhambi. Tukapanga mimi na yeye tuuze shamba lake dogo kimyakimya tuzibe pengo kabla ya mgao. Sasa naona wazi kwamba agizo la Mathayo linahusu kosa alilokukosea wewe, na hata hapo lina hatua ya pili na ya tatu, shahidi mmoja au wawili kisha kanisa. Fedha ile haikuwa yangu niisitiri. Wanachama 22 walikuwa wamekosewa bila kujua, na mimi niliamua kwa niaba yao kwamba wasijue. Nilikuwa natafuta amani ya watu wawili na kuiita upendo.

Siku ya kumi nilikwenda naye kwa mwenyekiti. Kikao kikaitishwa Jumamosi iliyofuata, na mzee mmoja wa kanisa akaalikwa.

Mweka hazina alisimama wa kwanza. Alisema, «Fedha zimepungua. Mvua ziliharibu mzigo, na fedha zikawa zimetumika humo.» Kulikuwa na ukimya, kisha bibi mmoja ambaye huketi nyuma na huongea mara chache aliuliza bila kupandisha sauti: «Mvua ilichukua dagaa, mwanangu. Hela ya sanduku ilichukuliwa na nani?»

Nimelifikiria swali lile tangu siku hiyo. Lugha yetu ina njia nyepesi sana ya kumtoa mtenda katika tendo lake. Mtoto akiangusha glasi husema imevunjika. Fundi huleta nguo akisema imeungua. Taarifa za vikundi vyetu, na za sharika zetu pia, zimejaa fedha zilizopungua, nyaraka zilizopotea, ujenzi uliochelewa, kana kwamba vitu hivi vina miguu. Sisemi kwamba kauli hiyo ni dhambi. Mara nyingi ni adabu tu, ya kutotaka kumtaja mtu hadharani. Lakini Adamu alipoulizwa bustanini alianza na mwanamke, akamtaja na Mungu aliyempa mwanamke huyo, na mwanamke akamtaja nyoka. Hakuna neno la uongo katika majibu yao, na bado wote wawili walikuwa wamejificha ndani ya majibu hayo. Daudi mbele ya Nathani alikuwa na mengi ya kuanzia, vita, upweke wa ikulu, uzuri wa mwanamke yule, naye akasema, «Nimemfanyia BWANA dhambi.» Kitenzi chake kina nafsi ya kwanza. Nadhani toba yote ya Kikristo huingia kupitia kiambishi kile kidogo.

Mweka hazina alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, «Nilichukua mimi.» Akaketi.

Majadiliano yaliyofuata yalichukua saa tatu, na nitataja yale tu yenye uzito. Wapo waliotaka polisi, wakiongozwa na kijana mvuvi aliyekuwa mtunza ufunguo mwenzangu. Hoja yake haikuwa mbaya: kanisa likiwa na mazoea ya kumaliza mambo chini ya mwembe, mwenye nguvu hupona na mnyonge hupoteza. Wapo waliotaka asamehewe na deni lifutwe, wakamtaja Yesu aliyesema msihukumu. Hapo yule mama wa mtoto aliyelazwa, ambaye alikuwa hajasema lolote, aliinua mkono. «Mimi nimemsamehe,» alisema, «nilimsamehe kabla ya leo. Ila wanaosema tusiulize, hawakuwa wodini.»

Mzee wa kanisa alileta jambo zito zaidi. Alisoma 2 Wafalme 12:15, mahali panaposema kwamba wale waliokabidhiwa fedha za kutengeneza hekalu, wawalipe mafundi, hawakutakiwa kufanya hesabu, kwa maana walitenda kwa uaminifu. Basi, alisema, uaminifu ndio msingi, na kikundi cha watu wa Mungu kikianza kuhesabiana noti, tayari kimepoteza kilicho bora. Alisema kwa uchungu, na wengi walitikisa vichwa kukubali. Kama ningekuwa sijawahi kuifundisha sura ile darasani, ningekubali pia.

Lakini sura ile ina mistari mingine kabla ya huo. Mfalme Yoashi aliagiza kwamba fedha zinazoletwa zipokelewe na makuhani, kila mmoja kwa watu anaofahamiana nao, na hekalu litengenezwe. Ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, hekalu lilikuwa halijatengenezwa. Andiko halisemi makuhani waliiba. Linasema tu kwamba kazi haikufanyika. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Na kila walipoona fedha zimekuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walipanda pamoja, wakazihesabu, wakazifunga mifukoni. Watu wawili, wa ofisi mbili tofauti, sanduku moja. Uaminifu wa wale mafundi wa mstari wa 15 ulisimama juu ya hesabu ile, haukuchukua nafasi yake. Tuliposoma kwa pamoja, mzee mwenyewe alirudia mstari wa 10 mara mbili, akafunga Biblia, akasema, «Sanduku lilikuwa na tundu moja na wahesabu wawili. Letu lilikuwa na kufuli tatu na mtu mmoja.»

Mtume Paulo anaonekana kulijua jambo hili vizuri. Alipokuwa anakusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake, ingawa hakuna aliyekuwa na sababu ya kumshuku. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na akaeleza sababu bila kuona haya: asije mtu akamlaumu, «tukiangalia tangu mbele yaliyo mema, si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu.» Neno «tangu mbele» linanigusa. Paulo hakungoja tuhuma ndipo aombe shahidi. Sisi tulimnyima mweka hazina wetu shahidi, tukamwacha usiku na sanduku lililojaa na funguo tatu ukutani, tukaita hali hiyo imani. Wakulima wa pamba wa kanda hii, wazazi na babu zetu, walijua tofauti hiyo mapema: madai ya mizani ya haki yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kuungana katika ushirika, hadi ukapatikana ule muungano wa Victoria wa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Hawakusema kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Walitaka kuuona uzito kwa macho yao.

Uamuzi wa kikao ulijengwa juu ya Hesabu 5:6-7, ambako aliyemkosea mwenzake anatakiwa kuungama, kurudisha kitu kizima, na kuongeza sehemu ya tano, na kumpa yule aliyemkosea. Tulipendezwa na mpangilio ule, kwamba maungamo na marejesho yamewekwa katika sentensi moja. Zakayo naye, akiwa amesimama mbele ya mgeni aliyekwisha kuingia nyumbani kwake kwa neema, ndiye aliyetaja mwenyewe kiasi cha kurudisha. Neema ndiyo iliyomfungulia daftari lake. Sehemu ya tano ya shilingi 1,850,000 ni shilingi 370,000, kwa hiyo deni likawa shilingi 2,220,000, kwa miezi 12, shilingi 185,000 kila mwezi kuanzia Januari. Nyongeza ile ingeingia mfuko wa jamii, kwa kuwa ndio uliomkatalia mama wa wodini. Shamba tulikubaliana asiliuze. Ndilo linalomlisha na watoto wake. Uweka hazina aliuacha siku hiyohiyo. Wengine waliona tumekuwa wagumu, lakini kusamehewa na kurudishiwa wadhifa ni mambo mawili. Yule wakili wa Luka 16, msimamizi wa mali ya tajiri, anaambiwa kwa pumzi moja atoe hesabu na kwamba hawezi kuwa wakili tena. Kwaya hakuiacha, wala hakuna aliyemtaka aiache.

Lilibaki swali la nani asubiri. Mgao ulikuwa wiki tatu mbele, na pengo la shilingi 1,850,000 lilipaswa kumwangukia mtu. Kama lingegawanywa kwa wote, bibi wa nyuma mwenye hisa chache angeumia sawa na mwenye mtumbwi. Mwenyekiti, kwa sauti ya chini, akatuuliza sisi watunza funguo watatu tunaonaje. Mgao wetu watatu kwa pamoja ulikuwa shilingi 1,910,000.

Kijana mvuvi alikasirika. «Mimi sikugusa hata shilingi,» alisema, na ni kweli. Nilimjibu kwa mfano ambao watu wa umri wangu katika mkoa huu tunaukumbuka. Watuhumiwa waliokamatwa na vyombo vya dola hapa Mwanza na Shinyanga, katika msako wa mauaji ya vikongwe, walikufa mikononi mwa walinzi wa sheria, na mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Hakumpiga mtu. Hakuwa Mkristo, na simtaji ili kumbatiza. Namtaja kwa sababu alielewa kwamba aliyepewa dhamana anajibu pia kwa kile kilichotendeka wakati macho yake yakiwa kwingine. Kaini aliuliza, «Mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?» na sisi watatu hata swali hilo hatukuwa na haki ya kuliuliza, maana tulichaguliwa kwa kura kuwa walinzi, tukapewa na ufunguo.

Yule mama aliyekwenda Ukerewe alikubali kwanza. Alitaja waraka kwa Filemoni, pale Paulo anapomwandikia mwenye kudai kwamba kama Onesimo anawiwa kitu, kiandikwe juu yake Paulo, naye atalipa, tena anaweka mkono wake mwenyewe kwenye ahadi hiyo. Hakumwambia Filemoni afute. Deni lilibaki deni, likahamia kwa mtu mwingine. Mimi nilikubali nikiwa natetemeka, kwa kuwa nilikuwa nimepanga kuezeka upya. Kijana alikubali siku ya nne, kwa ujumbe wa simu wenye neno moja. Sitaki kuipamba habari hii: hadi sasa hajamsalimia mweka hazina wa zamani, na wanapokutana mwaloni hupita upande wa pili wa mitumbwi. Nimezungumza naye mara mbili. Hajafika huko, na sioni kwamba ni kazi yangu kumharakisha.

Siku ya kuvunja kikoba wanachama wengine walipokea fedha zao zote. Sisi watatu tuligawana shilingi 60,000 zilizobaki. Kabla watu hawajatawanyika, bibi wa nyuma alisimama na kutaka iandikwe kwenye muhtasari kwamba wanachama wote waliacha kuhesabu mwezi wa sita, na kwamba si kosa la mtu mmoja wala wanne. Baadhi walinung'unika. Katibu aliandika.

Mzunguko mpya ulianza na wanachama 21. Watatu hawakurudi, na siwalaumu. Funguo zina watunzaji wapya, na katika kanuni tuliongeza sentensi moja, kwamba mtunza ufunguo asiyeweza kufika huupeleka kwa mwenyekiti wa jumuiya yake, kamwe si kwa mweka hazina, na huurudishiwa mbele ya kikao. Kuhesabu kunachukua dakika 20. Mweka hazina mpya, kijana fundi cherehani, alituomba mwenyewe katika kikao cha kwanza tusimwonee haya. Tumejaribu pia kuacha kusema fedha zimepungua. Katibu akisoma hivyo, kuna mtu lazima aulize nani.

Marejesho ya Januari, Februari na Machi yalikuja kamili. Aprili masika ilinyesha vibaya, chanja zilikaa siku nyingi bila kitu, na nilijua atapungukiwa. Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya kikao, alibisha mlangoni kwangu. Alisema, «Shikamoo Mwalimu,» akaketi, akafungua kitambaa, akaweka mezani shilingi 130,000. «Nimepungukiwa na 55,000,» alisema. «Nilimlipia mdogo wangu nauli ya kwenda msibani kabla sijatenga ya kwenu. Ningeweza kukataa, sikukataa. Jumamosi nitasema mwenyewe.» Hapa ndipo aliponisahihisha mara ya pili. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba mvua ndiyo iliyompunguzia.